Jinsi ya Kuandaa Kikao cha Wagonjwa wa Soriasisi Mjini Moshi: Mwongozo kwa Wanaoanza

Watu wanaotaka kuwakutanisha wagonjwa wenzao wa soriasisi hapa Moshi huuliza maswali yale yale: tukutane wapi, daktari aalikwe au asialikwe, posho itatoka wapi, na tumsaidieje yule asiyetaka jirani zake wajue anaumwa nini. Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu wiki za maandalizi hadi siku chache baada ya kikao cha kwanza. Umeandikwa kwa ajili ya soriasisi, lakini anayeandaa kikao cha wenye pumu ya ngozi au vitiligo ataweza kuutumia bila kubadilisha mengi, isipokuwa sehemu zinazohusu dawa.

Jambo moja litangulie. Kikao hiki ni mali ya wagonjwa. Utakutana na watu wengi wenye nia njema watakaotaka kukigeuza kuwa semina, mkutano wa maombezi, soko la dawa au kikoba (kikundi cha kuweka na kukopa fedha), na sehemu kubwa ya kazi yako kama mwandaaji itakuwa kukilinda kisichukuliwe.

Machache ya kuelewa kabla ya kuanza

Soriasisi ni ugonjwa wa muda mrefu ambao kinga ya mwili huzichochea seli za ngozi kuzaliana haraka kupita kiasi. Katika ngozi yenye afya seli huchukua takriban mwezi mmoja kupanda hadi juu na kupukutika, ilhali katika soriasisi safari hiyo humalizika kwa siku chache, na hapo ndipo magamba yanapotokea. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kupeana mikono, kulala kitanda kimoja, kutumia taulo moja wala kula sahani moja. Hauna dawa ya kuuondoa kabisa, ila hutulizwa, na wapo wanaokaa muda mrefu wakiwa na ngozi safi. Kwenye ngozi nyeusi mabaka huweza kuonekana ya zambarau, ya kahawia iliyokolea au ya kijivu badala ya mekundu, na hiyo ni sababu mojawapo ya mtu kutibiwa fangasi kwa miaka. Baadhi ya wagonjwa hupata pia maumivu na uvimbe wa viungo, na hao wanahitaji kuonwa na daktari mapema kabla viungo havijaharibika.

Mwaka 2014 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio linaloitambua soriasisi kuwa ugonjwa sugu, usioambukiza, wenye maumivu na unaoweza kulemaza. Ikumbuke sentensi hiyo, kwa kuwa itakusaidia unapojieleza kwa mwenyekiti wa mtaa au kwa mwenye ukumbi anayeogopa viti vyake.

Vinavyohitajika

Kabla ya kutangaza lolote, hakikisha una vitu hivi:

- wagonjwa watatu, ukiwemo wewe mwenyewe kama unaumwa, walio tayari kufika hata kama hakuna mwingine atakayekuja;
- mtaalamu mmoja wa ngozi aliyekubali kuja kama mgeni, si kama mwenyekiti;
- chumba chenye mlango unaofungwa, na chumba kidogo cha pembeni;
- viti vya plastiki vya rangi nyeupe au ya maziwa, kwa sababu ambazo utaziona katika hatua ya 5;
- ndoo ya maji yenye koki, sabuni isiyo na manukato makali, ufagio na kizoleo;
- kopo kubwa la mafuta ya mgando yasiyo na harufu;
- daftari moja, kalamu, vipande vya karatasi na kasha dogo la kutumbukizia maswali;
- mashine ya kupimia presha, ikiwa mtaalamu wako anaweza kuja nayo, kwa kuwa soriasisi huandamana mara nyingi na shinikizo la damu, kisukari na unene;
- fedha ya chai na vitafunwa.

Bango halimo kwenye orodha hii, na fulana hazimo. Vitu hivyo hula fedha na humtangaza mtu ambaye huenda hajamwambia hata dada yake.

Hatua ya 1: Gawaneni kazi

Wale watatu wagawane majukumu mapema: mmoja awe mwezeshaji wa mazungumzo, mmoja apokee watu mlangoni, na mmoja ashike daftari na fedha. Mwezeshaji asiwe mtu mwenye maneno mengi. Anayefaa ni yule anayeweza kukaa kimya mwenzake anapotafuta neno, na anayeweza kumkatiza mzee kwa heshima anapozidisha. Katika Kilimanjaro, ambako mzee akisimama kuzungumza watu hawamkatizi, ujuzi huu wa pili ni adimu, na mara nyingi utaupata kwa mama wa makamo aliyezoea kuongoza vikao vya jumuiya au vya ukoo.

Hatua ya 2: Onana na kliniki ya ngozi

Moshi ina bahati ambayo miji mingi haina. Kwenye hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, kuna kituo cha kanda cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoanzishwa mwaka 1992, ambacho kimewafundisha wahudumu wa afya wa Tanzania na wa nchi nyingine za Afrika. Ipo pia hospitali ya rufaa ya mkoa ya Mawenzi, katikati ya mji. Kwa hiyo kumpata mtu anayeijua soriasisi si kazi ngumu. Kazi ni kumweleza unachomtaka.

Nenda mwenyewe, usimtume mtu, na uombe kuonana na mkuu wa kliniki au muuguzi kiongozi. Omba mambo matatu tu. Kwanza, mtaalamu mmoja wa kuzungumza kwa nusu saa. Huyo si lazima awe daktari bingwa, kwani tabibu wa ngozi au muuguzi mzoefu mara nyingi hueleweka zaidi. Pili, ruhusa ya kuwaachia wauguzi vikaratasi vya mwaliko wawape wagonjwa wao. Tatu, jina la mtu mmoja ambaye mtampelekea mgonjwa atakayeonekana kikaoni akiwa katika hali mbaya.

Tahadhari: usiombe orodha ya wagonjwa. Kliniki haina haki ya kukupa, nawe huna haki ya kuipokea. Mgonjwa ndiye atakayekupigia akipenda.

Hatua ya 3: Chagua siku na mahali

Uliza siku za kliniki ya ngozi, kisha panga kikao cha kwanza mchana wa siku mojawapo. Mgonjwa anayetoka Tarakea kule Rombo, Same au Sanya Juu amekwisha kulipa nauli ya kuja mjini, na kumwambia arudi Jumamosi ni kumwongezea gharama ambayo wengi hawataimudu. Anza saa saba na nusu mchana, maliza kabla ya saa kumi, ili wa Rombo na Same wapate gari la kurudi kukiwa bado na mwanga.

Kuhusu mahali, mawazo hutofautiana, na mimi nina msimamo. Kikao cha kwanza kifanyike ndani ya eneo la hospitali au jirani nalo kabisa, kwa kuwa mtu aliyeonekana akiingia hospitali haulizwi amefuata nini. Ofisi ya kata haifai hata kama wanaitoa bure, maana pale kila anayepita ni jirani wa mtu. Ukumbi wa usharika au wa parokia ni mzuri na bei yake ni nafuu, ila sema wazi kwenye mwaliko kwamba si shughuli ya kanisa, la sivyo Waislamu watasita na baadhi ya Wakristo watakuja wakitarajia maombezi. Mgahawa usiufikirie.

Angalia na majira. Masika, kati ya Machi na Mei, barabara za kushuka kutoka Uru na Kibosho huteleza, na watu watachelewa. Juni hadi Agosti kuna baridi na ngozi hukauka, mabaka huweza kuzidi, na huo ndio wakati ambao watu huhitaji kikao zaidi. Usianzishe kikao Desemba, kwa sababu Moshi yote inakuwa kwenye sherehe za ndugu waliorudi nyumbani.

Hatua ya 4: Toa taarifa, kisha alika bila kumwanika mtu

Mweleze mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata kwa barua fupi kwamba kutakuwa na kikao cha wagonjwa cha kupeana elimu, siku fulani, mahali fulani, bila kutaja majina ya watakaohudhuria. Kusajili kikundi kunaweza kusubiri. Mkiona baada ya miezi kadhaa kwamba mnaendelea, afisa maendeleo ya jamii wa kata atawaelekeza taratibu za halmashauri.

Mwaliko wenyewe uwe mfupi. Mfano:

"Unakaribishwa kwenye kikao cha wenye matatizo ya ngozi ya muda mrefu. Tutazungumza wenyewe kwa wenyewe, na mtaalamu atajibu maswali. Njoo na dawa na mafuta yote unayopaka au kumeza, hata ya kienyeji. Hakuna kiingilio, hakuna posho, hakuna picha. Piga au tuma ujumbe kwa namba hii upewe mahali na saa."

Mahali pasitajwe kwenye karatasi. Anayepiga simu ndiye aelekezwe, na kwa njia hiyo utajua pia idadi ya vikombe vya chai.

Usifungue kundi la WhatsApp kabla ya kikao cha kwanza. Katika kundi kila mtu huona namba za wenzake, na namba ya simu hapa mjini inatosha kumtambua mtu. Atakayeona jina la shemeji yake mle hatakuja. Tuma ujumbe kwa mmoja mmoja, ingawa inachosha. Kundi lifunguliwe baadaye kwa wale tu waliokubali kwa midomo yao, mbele ya wenzao.

Daftari la mahudhurio nalo lina utaratibu wake. Andika jina ambalo mtu mwenyewe anataka aitwe, namba ya simu na eneo analotoka, basi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti, na daftari linaloonyesha nani anaumwa nini ni taarifa za namna hiyo. Likae kwa mtu mmoja, lisizungushwe ukumbini ili kila mtu ajaze huku akisoma waliomtangulia, kama tulivyozoea kwenye semina.

Hatua ya 5: Andaa chumba

Panga viti kwa duara moja, bila meza kuu. Meza kuu ikiwepo, mtaalamu ataketi pale, watu watamtazama yeye, na kikao kitakuwa kimekwisha kabla hakijaanza.

Rangi ya viti si urembo. Mwenye soriasisi anapoinuka, magamba hubaki kwenye kiti na sakafuni chini ya miguu yake, na kwenye kiti cheusi au cha kitambaa huonekana kama unga uliomwagika. Wengi wamezoea kupangusa kiti haraka kwa kiganja kabla mtu hajaona, na wapo walioacha kwenda harusini kwa sababu hiyo tu. Viti vyeupe vya plastiki humwondolea mtu kazi hiyo. Ufagio uwe nyuma ya mlango, na yeyote asifagie mpaka kikao kiishe na watu watoke. Kumfagilia mtu miguuni akiwa bado ameketi ni tusi, hata kama anayefagia hakukusudia.

Chumba kidogo cha pembeni ni kwa ajili ya mtu anayetaka kumwonyesha mtaalamu sehemu iliyofunikwa na nguo. Mtu yeyote asivue wala kufunua mbele ya duara, hata akisema haoni tabu.

Hatua ya 6: Pokea watu kwa mkono

Anayesimama mlangoni ampe kila mtu mkono, bila glavu, na asinawe mara baada ya hapo. Hatua hii isirukwe kwa haraka ya kuanza kwa wakati. Watu wengi watakaokuja wamezoea kusalimiwa kwa mbali au kwa kifundo cha mkono, nao wamejifunza kuficha kiganja ndani ya kanga kabla hawajaombwa. Mazungumzo huwa kama haya:

"Shikamoo mama, karibu. Nipe mkono."

"Marahaba mwanangu. Mkono wangu una magamba huu."

"Hata wangu, mama. Lete."

Kama anayepokea hana soriasisi, atoe mkono vilevile, bila hotuba. Asimwambie mgeni kwamba ugonjwa hauambukizi, mgeni anajua. Asiyetaka kutoa mkono naye asilazimishwe, kwa kuwa viganja vilivyopasuka huuma, na salamu ya mdomo inatosha.

Hatua ya 7: Zunguka duara

Mwezeshaji afungue kwa kusema masharti matatu: yanayosemwa hapa yabaki hapa, hakuna kupiga picha wala kurekodi, na mtu anaweza kupitisha zamu yake bila kutoa sababu. Kisha kila mmoja aseme jina analopenda kuitwa, ugonjwa ulimwanza lini, na jambo moja linalomsumbua wiki hii. Swali la mwisho ndilo lenye kazi. Ukiuliza kwa ujumla kuhusu maisha na ugonjwa, utapata historia za nusu saa. Ukiuliza wiki hii, utasikia kwamba mtu ameshindwa kulala kwa kuwashwa, kwamba kinyozi amekataa kumnyoa, kwamba binti amepangiwa kwenda kutambulishwa ukweni na hajui aseme nini.

Msemaji wa kwanza awe mmoja wa wale watatu, na aseme kwa dakika mbili tu, kwa sababu wanaofuata watapima urefu wao kwa urefu wake.

Kuna mambo yatakayojitokeza karibu kila mara. Mmoja atasema amerogwa, au ni laana ya ukoo. Usibishane naye wala usiruhusu wenzake wacheke. Muulize kwa upole kama ameendelea na dawa za hospitali wakati akishughulikia hilo, kwa maana hatari iko pale alipoziacha. Wengine watauliza kama watoto wao wataupata: ugonjwa huweza kufuata ukoo, lakini kurithi mwelekeo wa kuupata si kuupata, na watoto wengi wa wagonjwa hawaugui. Wanandoa watakuwa na maswali kuhusu mabaka ya sehemu za siri, na haya hayatasemwa mbele ya mchanganyiko wa wake na waume, wakwe na vijana. Baada ya mzunguko, gawaneni kwa dakika ishirini, wanawake upande mmoja na wanaume upande mwingine. Mara nyingi hapa ndipo mtu husema kwa mara ya kwanza jambo ambalo hajawahi kumwambia daktari.

Hatua ya 8: Mpe mtaalamu nusu saa, na mifuko ya dawa

Wakati watu wanakunywa chai, maswali yaandikwe kwenye karatasi bila majina na kutiwa kwenye kasha, asiyeandika asaidiwe. Mtaalamu ajibu hayo, asianze mhadhara. Mkumbushe mapema, kwa adabu, kwamba hahitaji projekta.

Sehemu yenye manufaa zaidi ni ile ya mifuko. Kila mtu alete mbele ya mtaalamu alichokuja nacho: mirija, makopo, vidonge vilivyofungwa kwenye karatasi, chupa za mizizi. Utaona mambo ya kushangaza, kama mirija miwili yenye majina tofauti na dawa ile ile ndani, dawa iliyokwisha muda, kopo la krimu lisilo na lebo lililonunuliwa kwenye duka la vipodozi. Mtaalamu aeleze kwa utulivu, na mambo yafuatayo yasikose kutajwa:

- Methotreksati kwa soriasisi humezwa mara moja kwa wiki. Kuimeza kila siku kumewahi kuua watu. Kila anayeitumia aseme siku yake ni ipi, na aiandike kwenye boksi la dawa. Haitumiwi na mjamzito wala anayetarajia mimba, na haipatani na pombe, mbege ikiwemo.
- Sindano na vidonge vya steroidi, yaani dawa kali za kutuliza uvimbe na kinga ya mwili, huweza kusafisha ngozi kwa siku chache, lakini zikiachwa ghafla ugonjwa huweza kulipuka kwa nguvu kuliko mwanzo. Mtu aliyechomwa sindano ya namna hiyo mahali fulani akapona "kabisa" ndiye atakayewashawishi wenzake, basi mtaalamu azungumze naye faragha kwanza.
- Krimu za kung'arisha ngozi zisizo na lebo huweza kuwa na steroidi kali kama klobetasoli, ambayo ikipakwa muda mrefu bila usimamizi huifanya ngozi kuwa nyembamba na kutoa michirizi.
- Baadhi ya dawa za magonjwa mengine, zikiwemo klorokwini, lithiamu na dawa kadhaa za shinikizo la damu, huweza kuichochea soriasisi. Asiziache mtu kwa kusikia hili, amweleze aliyemwandikia.
- Mgonjwa asimgawie mwenzake dawa, hata kama mabaka yanafanana.

Hatua ya 9: Fanyeni kwa vitendo

Robo saa ya mwisho itumike kupaka mafuta, kila mtu kwenye mkono wake mwenyewe. Dawa ya steroidi ya kupaka, ile iliyoandikwa na daktari, hupimwa kwa kidole: kiasi kilichokamuliwa kutoka ncha ya kidole cha shahada hadi mkunjo wa kwanza kinatosha eneo la viganja viwili vya mtu mzima pamoja na vidole vyake. Wengi hupaka kidogo mno kwa kubania mrija, kisha husema dawa haifanyi kazi. Mafuta ya mgando, kinyume chake, hayabaniwi. Hupakwa mara tu baada ya kuoga, ngozi ikiwa imefutwa kwa kukandamiza taulo bila kusugua, kwa kufuata uelekeo wa vinyweleo.

Magamba yasibanduliwe kwa nguvu wala kusuguliwa kwa jiwe au dodoki, kwa kuwa ngozi iliyochubuka huweza kutoa baka jipya pale pale. Ndiyo maana wembe wa kinyozi nao ni wa kuangaliwa.

Tahadhari ya moto: nguo, shuka na bandeji zilizolowa mafuta ya mgando hushika moto haraka, na kufua hakuyaondoi mafuta yote. Anayepaka kwa wingi asiote moto wa jiko la mkaa wala asikae jirani na mshumaa, na msimu wa baridi hili lirudiwe kila kikao.

Hatua ya 10: Funga kwa jambo moja kwa kila mtu

Kabla ya kuondoka, kila mtu aseme jambo moja atakalofanya kabla ya kikao kijacho: kurudi kliniki, kumweleza mume, kutupa kopo lisilo na lebo. Kisha wawekeni wawili wawili, kwa kadiri inavyowezekana wanaotoka upande mmoja, wapigiane simu mara moja ndani ya wiki mbili. Mwenye daftari naye awapigie wote ndani ya siku tatu, akiuliza kama wamefika salama na kama kuna lililowaudhi. Malalamiko yatakayosemwa kwenye simu hiyo ndiyo ajenda yenu ya kurekebisha kikao cha pili.

Mambo yanayokwama, na namna ya kuyakwamua

Wamekuja wawili tu. Endeleeni kama mlivyopanga, na chai inywewe. Kikao cha watu watano waliozungumza kina faida kuliko cha arobaini waliosikiliza.

Mtaalamu hakufika. Msiahirishe. Maswali yakusanywe, mwenye daftari ayapeleke kliniki, na majibu yaletwe kikao kijacho. Wagonjwa wenyewe wasijibu maswali ya dozi.

Watu wanadai posho. Jibu lilikuwa kwenye mwaliko, na lisibadilishwe kwa ajili ya mwenye sauti kubwa. Palipo na posho watakuja wasioumwa, na siku itakapokosekana watakaa nyumbani hata wanaoumwa. Wekeni kibubu ambacho mwenye uwezo hutia chochote, na fedha hiyo imsaidie nauli anayetoka mbali, kwa siri kati yake na mweka hazina.

Amekuja muuza dawa. Atajitambulisha kama mgonjwa aliyepona. Mwezeshaji amwambie kwamba hapa hakuna kuuza, si dawa ya asili, si ya dukani, na kama ana usajili wa kutoa tiba, wanaomtaka watamfuata kwake. Akiendelea, atolewe nje na mzee mmoja wapo, kwa maneno machache.

Kuna mwenye upele au fangasi. Si kila anayewashwa ana soriasisi. Upele huwasha zaidi usiku na mara nyingi huwapata watu kadhaa wa nyumba moja. Mtu huyo asifukuzwe wala asitajwe hadharani. Mtaalamu amchukue pembeni na kumwelekeza matibabu ya nyumba nzima.

Mfadhili au kiongozi anataka picha. Apigwe picha yeye mlangoni.

Mtu amelia na hawezi kuendelea. Mwezeshaji anyamaze, aliye karibu amshike bega, na asiharakishwe. Akisema amechoka kuishi, lichukuliwe kama lilivyo: asiondoke peke yake, mmoja wenu amsindikize hospitali siku hiyo hiyo, na asikabidhiwe kwa ujumbe wa simu.

Kikundi kinataka kuwa kikoba. Wazo hili litakuja haraka kuliko unavyodhani, na si baya lenyewe, ila mikopo ikianza, anayedaiwa ataacha kuja na atapoteza kikao pamoja na fedha. Wanaotaka waanzishe kikoba chao kando, siku nyingine, na daftari lingine.

Mgonjwa amefika akiwa na wekundu au hisia ya kuungua mwili mzima, anatetemeka kwa baridi, au ana vijipu vya usaha vilivyoenea. Hiyo ni dharura. Kikao kisimame, itafutwe bajaji au gari, na apelekwe hospitali na mmoja wa waandaaji, akiwa amechukua mfuko wake wote wa dawa.

Mahudhurio yanapungua. Kwanza pigeni simu, msikisie. Mara nyingi wanaokosekana ni wale waliopata nafuu, nao huja wakiombwa kazi mahsusi, kama kumpokea mgeni mpya mlangoni. Ikiwa tatizo ni umbali, kikao kimoja kati ya vitatu kihamie Himo kwa ajili ya wanaotoka Marangu na Rombo, au Boma Ng'ombe kwa wanaotoka Hai na Siha. Oktoba 29, ambayo ni Siku ya Soriasisi Duniani, inaweza kutumika kuwaalika ndugu: siku hiyo mume, mama au dada aketi ndani ya duara, asikie, na zamu yake ikifika ajibu swali lile lile la wiki hii.